Humu Wamekufa Wangapi? Kiingereza na maneno yake ya kurudisha uhai

Kazi yenyewe ilikuwa kurasa nne tu. Kijitabu cha mradi, Kiingereza kushoto, nami nijaze Kiswahili kulia, kisha kisomwe na watu wachache kabla ya kwenda kwa mchapaji. Mmoja wa wasomaji hao alikuwa mzee wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, aliyekulia kwenye mashamba ya mkonge: kwanza mkataji, baadaye mnyapara, mwisho msimamizi wa korona, ile mashine ya kusaga majani na kutoa singa, zile nyuzi za mkonge. Nilimkuta barazani jioni, nikamwamkia, nikampa karatasi. Akavaa miwani, akasoma ukurasa wa pili kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayehesabu mafungu ya majani. Alipofika chini akaniangalia kwa juu ya miwani.

"Mwanangu, humu wamekufa wangapi?"

Sikumwelewa. Akaniwekea kidole: kufufua zao la mkonge. Kufufua reli. Kufufua majengo ya kale. Kufufua vikundi vya vijana. Kufufua udongo. Mara tano katika ukurasa mmoja. "Hata Kiyama hakina haraka hivi," akasema, akanirudishia karatasi na kuniagizia kahawa.

Nilirudi nyumbani nikafungua upande wa kushoto. Zao la mkonge walikuwa wameliandikia "revitalise". Reli, "rehabilitate". Majengo, "restore". Vikundi, "reactivate". Udongo, "regenerate". Neno "revive", lile ambalo kila kamusi hulipa tafsiri ya kufufua, halikuwamo hata mara moja katika ukurasa huo. Nilikuwa nimechukua maneno matano ya watu, nimeyatia gunia moja.

Nijitetee kidogo. Kwa Kiswahili, kufa ni jambo jepesi. Betri inakufa, soko linakufa, kiwanda kinakufa, mguu unakufa ganzi, na mtu anakufa njaa saa sita mchana halafu saa saba yuko mbele ya sahani ya pilau. Palipo na vifo vingi namna hiyo, ufufuo nao huzidi. Ndiyo maana waandishi wa habari wakisema serikali inafufua viwanda hakuna anayeshtuka. Kitenzi chenyewe kimebeba sauti ya kutendua, ileile ya funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, na ukitega sikio unamsikia mfu mle ndani. Si kosa kukitumia. Kosa langu lilikuwa kukitumia pale Kiingereza kilipokuwa kinaeleza mambo matano tofauti.

Ukiwa na maneno haya mbele yako, likate hilo "re" la mwanzoni. Ni kiambishi cha Kilatini chenye maana ya tena au kurudi nyuma, na kipo kwenye yote, kwa hiyo hakikusaidii kuchagua. Wao hulibandika "tena" kichwani mwa neno. Sisi jambo kama hilo mara nyingi huliweka mkiani. Kinachobaki baada ya kukata ndicho kinachosema kitu kimepungukiwa na nini. Katika "revive" inabaki kuishi. Katika "rejuvenate" inabaki kijana. "Renovate" imebaki na upya, "rehabilitate" na uwezo, "reanimate" na roho au pumzi. Basi swali la mfasiri si neno lipi linalingana na lipi, bali lile la mzee: huyu amekufa, amezimia, amechoka, amevunjika, au amekaa tu?

"Revive" ndilo pana kuliko yote, na ndiyo maana linasumbua. Mtu aliyezimia kwa jua la uwanja wa Mkwakwani akimwagiwa maji akafumbua macho, Kiingereza kitasema "revive". Kiswahili kinasema amezinduka. Mchezo wa jukwaani wa miaka 50 iliyopita ukichezwa upya, "revive". Ua lililonyauka likipata maji, "revive"; sisi tunasema limechangamka. Na makanisani "revival" ni mkutano wenye mahema, kwaya na watu kulia machozi, ambao Kiswahili kiliupa jina zuri mno: uamsho. Waliotafsiri hilo walifanya kazi ambayo mimi sikuifanya. Waliona kwamba waumini wale hawakufa, walisinzia. Ufufuo wakauacha mahali pake, siku ya mwisho, na kwa Mungu peke yake.

Hapo ndipo neno linapoanza kuwa na madhara, na si ya kuchekesha. Nilipata kutafsiri mafunzo ya uokoaji kwa wavuvi, kwenye mchanga, karibu na majahazi yaliyopandishwa kukwanguliwa. Mkufunzi alikuwa na sanamu la mpira, kiwiliwili na kichwa, uso wa msichana aliyefumba macho kama aliyelala. Sanamu hilo lina kisa chake. Lilitengenezwa mwaka 1960 na Asmund Laerdal, Mnorwei aliyekuwa anatengeneza vitu vya kuchezea watoto, na uso aliunakili kutoka kinyago cha msichana asiyejulikana ambaye husimuliwa kuwa alitolewa maiti katika mto Seine, Paris. Kwa hiyo msichana aliyekufa maji, kama kisa ni cha kweli, ndiye anayefundisha dunia nzima kuokoa waliokunywa maji.

Mkufunzi alisema "resuscitate", mimi nikasema kufufua. Mvuvi mmoja, mtu mzima, akanyanyua mkono. "Mwalimu, samahani. Maiti anafufuliwa na binadamu?" Wenzake wakaguna. Niliona mikono ikikunjwa vifuani. Mkufunzi, aliyekuwa anasikia Kiswahili vizuri kuliko nilivyodhani, akaniwahi: "Huyu si maiti, baba. Huyu pumzi imemtoka, haijaenda mbali. Tunairudisha." Mikono ikakunjuka. Tangu siku hiyo nimeandika kurudisha pumzi, na moyo ukihusika, kurudisha mapigo ya moyo, na sijawahi kujuta.

Kilatini cha neno hilo kinamuunga mkono mkufunzi. Mzizi wa "resuscitate" ni kuamsha na kuchochea, kifo hakimo. Nalo limepata umaarufu wake hasa kwa watu wa maji. Mwaka 1767 kiliundwa Amsterdam chama cha kuokoa waliozama mifereji, na mwaka 1774 London wakaanzisha chao. Mbinu zao nyingine zilikuwa za busara, kumpasha mtu joto na kumpulizia hewa. Nyingine, wacha niseme tu kwamba walikuwa na mivukuto maalumu ya kumpulizia aliyezama moshi wa tumbaku kwa njia ya haja kubwa, na vifaa hivyo viliwekwa kando ya mto Thames vikingoja wateja. Kusukuma kifua kwa mikono kama tunavyokujua leo kulitangazwa mwaka 1960 na watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore: Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker. Kwa mtu mzima kifua kinashuka sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Na aliyetolewa majini huanziwa na pumzi kwanza, maana kilichomwangusha ni kukosa hewa.

Hospitali za wenzetu zina agizo linaloandikwa kwenye jalada la mgonjwa mahututi kuwa asifanyiwe "resuscitation". Ukiliandika kwa Kiswahili kuwa asifufuliwe, ndugu watauliza nani alikuwa na mpango huo. Maana yake ni kwamba moyo ukisimama wenyewe, kifua kisisukumwe, mtu aachwe aende kwa utulivu. Sentensi ndefu kuliko neno, lakini kuna mahali pa kukubali urefu.

Kufufua hasa, kwa maana ya kaburi kufunguka, kwa Kiingereza ni "resurrect". Na hili lina historia ya kihuni ambayo kamusi ndogo hazisimulii. Jina "resurrection" lilikuwa la kanisani kwa mamia ya miaka. Kitenzi kilikuja baadaye sana, karne ya 18, kwa kulikata jina lile mkia, na mojawapo ya matumizi yake ya mwanzo ilikuwa kuiba maiti. Uingereza wakati huo shule za udaktari zilihitaji miili ya kupasua, na sheria iliruhusu karibu ya walionyongwa kwa mauaji peke yao. Haikutosha. Wakatokea watu wa usiku wenye majembe, waliofukua marehemu wa jana na kuwauza. Umma ukawaita watu wa ufufuo. Edinburgh, mwaka 1828, Burke na Hare walichoka kungoja misiba, wakaua watu 16 na kuuza miili kwa mwalimu wa anatomia. Burke alinyongwa, na mifupa yake ingali jumba la makumbusho la anatomia mjini humo. Sheria ya mwaka 1832 ndiyo iliyofungua njia ya halali ya kupata miili na kuiua biashara ile. Hapo nimesema kuiua, na nadhani mzee wangu angeniruhusu.

Kiswahili kimezitenga biashara hizo mbili kwa konsonanti moja: kufufua na kufukua. Mtu akiibua kesi ya shamba iliyomalizwa na wazee enzi za babu, Kiingereza kinaweza kusema ame"resurrect" shauri, kwa sauti ya kukereka kidogo. Ukiandika amelifufua, unakuwa umemsifu. Hapo neno ni kufukua makaburi, na kila Mtanzania anayesikiliza siasa anajua harufu yake.

Sasa kuna jambo la baharini kwetu ambalo linaonyesha hata wanaojua Kiingereza chao huteleza. Silikanti. Wataalamu walimjua samaki huyu kwa mabaki ya mawe, wakaamini ametoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mwangalizi wa jumba dogo la makumbusho huko East London, Afrika Kusini, aliona pezi la ajabu la rangi ya buluu katika shehena ya samaki wa meli ya uvuvi. Akamchora, akampelekea mchoro J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki, naye Smith akamtambua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga nao wakaanza kumnasa kwenye majarife waliyotega vilindini, mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake, kuanzia huku mjini kuelekea kusini.

Wageni hupenda kuandika kwamba samaki huyu amefufuka, na wataalamu wa viumbe vya kale wana msemo wao wa kumtaja kwa Lazaro. Kwa uzuri wa msemo, sawa. Lakini Lazaro wa Biblia alikufa siku nne. Silikanti hakufa hata dakika. Alikuwa mita mia na zaidi chini ya maji, kwenye mapango yake, akila samaki wenzake. Kilichofufuka ni habari. Kiingereza kina neno la hapo, "rediscover", kugundua tena, na ni la haki zaidi kwa samaki. Mvuvi wa Mwambani angesema tu kwamba alikuwa haonekani. Aliyefufuliwa kweli, kwa maana ngumu ya "resurrect", labda ni mbuzi mwitu wa milima ya Pyrenees: wa mwisho alikufa mwaka 2000, na mwaka 2003 wanasayansi wa Hispania wakampata mtoto kutokana na seli zake zilizohifadhiwa. Aliishi dakika chache, mapafu yakamshinda. Ndiye kiumbe aliyetoweka mara mbili.

Turudi kwenye karatasi yangu, kwenye reli. Ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikapanda taratibu kupitia Muheza na Korogwe, ikafika Moshi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na Arusha baadaye, chini ya Waingereza. Miaka ikafika treni zikaacha kupita, nyasi zikaota katikati ya mataruma, akina mama wakaanika udaga juu ya vyuma. Treni ya mizigo ikarudi kwenda Moshi mwaka 2019. Je, reli ilikufa? Tazama Kiingereza kinavyogawa kazi hapo. Njia yenyewe, vyuma, madaraja na mataruma, ni "rehabilitate", kurudishiwa uwezo. Kwetu ukarabati, na inatosha. Safari za treni ni "resume", kuanza tena pale zilipoachwa, maana safari haikarabatiwi. Biashara iliyotegemea treni, vibanda vya chakula stesheni, mizigo ya saruji, wapagazi, hiyo ndiyo "revive", na hapo kufufua kunakaa sawasawa. Reli moja, vitenzi vitatu, na mwandishi wa kijitabu alikuwa amechagua cha kwanza kwa sababu alikuwa anazungumzia vyuma. Mimi nilikuwa nimemfufulia vyuma.

Neno hilo "rehabilitate", kwa njia, lilianza kwa watu kabla ya vyuma. Lilikuwa la kumrudishia mtu cheo au heshima aliyovuliwa. Ndiyo maana hadi leo linatumika kwa aliyetoka gerezani au kuacha dawa za kulevya, na nyumba zinazowapokea vijana hao hapa nchini zinaitwa soba, kutokana na Kiingereza kingine kabisa. Kusema kijana amekarabatiwa ni matusi. Kurekebishwa tabia ni afadhali. Kurudi kuwa mtu, kama wanavyosema mama zao, ndiyo tafsiri yenyewe.

Majengo yanahitaji subira zaidi, kwa sababu hapa Kiswahili kinasema ukarabati kwa kila kitu, na mafundi huusikia ukarabati kama ruhusa ya kufanya kila kitu. "Renovate" ni kukifanya kitu kipya: ng'oa mlango wa mninga, weka wa alumini, na neno halijavunjwa. "Restore" ni kinyume chake karibu, ni kukirudisha kilivyokuwa. Nyumba ya mawe ya matumbawe ya pwani yetu ilijengwa kwa chokaa, na chokaa inapumua. Unyevu unaoingia ukutani unatoka. Ukiipaka saruji, maji yanafungiwa ndani, chumvi inakula jiwe kwa siri, na baada ya mvua kadhaa lipu inabanduka na vipande vya ukuta. Aliyepaka saruji amekarabati, ukimuuliza. Hajarudisha. Siku hizi nikikuta "restore" kuhusu nyumba ya kale naandika kurejesha katika hali yake ya awali, hata kama mstari unazidi ukingo.

Na yapo yasiyostahili hata hilo. Magofu ya Tongoni, njia ya Pangani, yana msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo. Hakuna anayetaka kuyaezeka. Neno lake ni "conserve", kuhifadhi, gofu libaki gofu bila kuanguka zaidi. Kijitabu changu kilikuwa kinaahidi "restore" kwa nyumba za mjini na "conserve" kwa Tongoni katika sentensi moja, nami nilikuwa nimeyafufua yote pamoja, makaburi yakiwamo. Naona haya kuliandika hili.

Mengine ya mikono nayapita mbio. "Refurbish" ni neno la mtu wa chuma: kung'arisha na kuondoa kutu, kama simu za mtumba zinazorudishwa kwenye boksi zikang'aa. "Revamp" ni la fundi viatu, na napenda watu wajue hili, kwa sababu "vamp" ni ile ngozi ya mbele inayofunika vidole. Kiatu kikipasuka usoni, fundi hubadilisha kipande hicho na kukuachia soli yako ileile. Kwa hiyo ofisi ikitangaza "revamp" ya huduma zake, Kiingereza chenyewe kimeshakuonya soli ni ya zamani. Na "restaurant", ambayo huku pwani tunaita mgahawa au hoteli bila kujali kama ina vitanda, ni ndugu wa damu wa "restore": Paris, karne ya 18, neno hilo lilikuwa jina la mchuzi wa nyama wa kumrudishia nguvu mtu aliyedhoofu, kabla halijawa la nyumba ulimouziwa mchuzi. Supu ya pweza ya pale Ngamiani, kwa hesabu hiyo, ndiyo restaurant ya asili.

Mkonge ndio uliobaki, na ndio aliokuwa anauonea uchungu mzee. Mwaka uleule wa 1893 reli ilipoanza, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, asili yake Mexico. Iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na hiyo 62 nchi hii ikaja kutoa singa kuliko nchi nyingine yoyote, tani zipatazo 230,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960. Kisha kamba za plastiki zikashika soko la dunia, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa na mengi yakapwaya, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata tani 30,000.

Je, zao limekufa? Nilirudi kumuuliza mwenyewe. Akacheka, akanieleza kama anavyomweleza kibarua wa siku ya kwanza. Mkonge haujui kuzeeka nusunusu. Unakata majani yake ya chini mwaka baada ya mwaka, nao unaongeza ya juu, hadi siku unapotoa mlingoti, ule mti mrefu unaochanua. Ukitoa mlingoti, basi. Huutilii mbolea, huukati kisiki. Kahawa ya Lushoto unaikata kisiki inachipua upya, inakuwa kijana. Hiyo Kiingereza kinaiita "rejuvenate", na neno limekaa. Mkonge huwezi kuurudishia ujana. Lakini kwenye mlingoti uleule unaokufa huota miche midogo, kwa mamia na zaidi, inadondoka chini au inachumwa na kupelekwa kitaluni. "Kwa hiyo," akasema, "mkonge mmoja hufa kila siku. Mkonge haujafa. Kilichokufa ni watu kulipwa."

Hapo ndipo "revitalise" ikanifungukia. Ndani yake kuna uhai kama ndani ya "revive", lakini uhai kwa maana ya nguvu na ukakamavu. Husemwa juu ya kitu ambacho kipo, kinapumua, ila kimelegea. Nikaandika kulipa zao la mkonge nguvu mpya. Udongo ukawa kurudisha rutuba ya udongo, kwa kuwa "regenerate" ni kuota tena kilichopungua, kama mkia wa mjusi au mikoko ya Mtangata iliyoachwa bila kukatwa. Vikundi vya vijana vikawa kuamsha vikundi vilivyolala. Havikuwa vimekufa, katibu alikuwa amehamia Dar es Salaam na muhuri.

Kuna neno moja nililitamani lakini kijitabu hakikunipa nafasi, "rekindle". Halina Kilatini ndani yake isipokuwa kile kichwa. "Kindle" ililetwa Uingereza na Waskandinavia, na ni kuwasha moto. Hutumika kwa mapenzi, urafiki, hamu ya kazi. Makaa bado yapo chini ya majivu, unachochea tu. Kwa mapenzi, vijana wa Tanga wana tafsiri isiyohitaji kamusi: kupasha kiporo. Kiporo ni chakula cha jana, na kila mtu anajua kiporo cha maharage hushinda maharage ya leo. Neno hilohilo watu wa mpira wamelichukua kwa mechi iliyoahirishwa. Coastal Union ikiwa na viporo viwili mkononi, shabiki wake ana matumaini ambayo Kiingereza hakijui kuyatamka kwa kifupi.

Na "renew", ya leseni na kitambulisho, ofisi zetu zimeipa kuhuisha. Neno la heshima, limetokana na hai, na linanifurahisha kuliona kwenye foleni ya dirisha namba tatu, ambako kila kitu kingine kinaonekana kukata roho. Kiingereza nacho kilikuwa na neno lake la nyumbani la hai kabla ya Kilatini kuingia: "quick". Leo maana yake ni haraka, ila la zamani limejificha kwenye jina la zebaki, fedha iliyo hai, na kwenye ile nyama laini chini ya ukucha. Hata mama mjamzito anapomsikia mtoto kucheza tumboni kwa mara ya kwanza, Kiingereza cha zamani kilikuwa na neno kutoka hapo, "quicken". Sisi tunasema mtoto amecheza, na hatuhitaji kuongeza kitu.

Nilimpelekea mzee karatasi mpya wiki iliyofuata. Akasoma kwa kidole kama mwanzo. Kufufua kulikuwa kumebaki mahali pamoja tu, ukurasa wa nne, kwenye mstari ambao Kiingereza kilisema "revive" na mimi nilikuwa nimeuacha kwa wasiwasi: kufufua korona ya shamba fulani upande wa Muheza. Nikamwambia naweza kuandika kukarabati.

Kidole hakikuondoka pale. Akavua miwani.

"Hii iache," akasema. "Hiyo ilikufa. Ilisimama saa nne asubuhi, Alhamisi, na mkanda umejaa majani. Mimi ndiye niliyeizima."